Namna ya Kumlinda Mtoto Mtandaoni Bila Kuinuka Kwenye Kochi

Mzazi mwenzangu, tuanze na mahitaji. Utahitaji simu janja moja, bando, mtoto na kochi. Mkanda wa suruali uwe karibu, kwa kuwa mwongozo huu una maswali mengi ambayo mkanda huyajibu haraka kuliko wewe. Muda hauhitajiki. Kama unao, mwongozo huu haukuhusu: kaa na mwanao mzungumze, utuache sisi wenye shughuli tuendelee.

Kazi ya kwanza ni kumkabidhi mtoto simu. Umri unaofaa ni ule anaoanza kulia wakati wewe unakula. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini wazee hawakuwa na YouTube. Mfungulie Akili and Me, ile katuni ya Ubongo inayotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, imfundishe rangi na kuhesabu, na wewe urudi kwenye wali wako ukiwa na dhamiri safi. Kosa la wazazi wachanga ni kurudi baada ya nusu saa kuangalia mtoto kafika wapi. Usirudi. Video ikiisha, YouTube inaleta nyingine yenyewe, halafu nyingine, na haimuombi mtu ruhusa. Kwenye mipangilio kuna kitufe cha kuzima huo mfululizo. Ni kidogo, kinabonyezwa kwa dole gumba, lakini dole gumba lako lina wali. Ipo pia programu ya watoto peke yao, YouTube Kids, tangu 2015. Nayo inakula MB za kuipakua, na MB zilizobaki ni za mechi ya Jumamosi.

Tegemea masikio. Kama mtoto kanyamaza na muziki unaosikika ni wa chekechea, yuko salama. Mwaka 2017 iligundulika kwamba YouTube ina video chungu nzima zenye sura za Elsa na Spider-Man, rangi tamu, vinanda vya kitoto, halafu ndani yake mna sindano, damu na vikaragosi vinavyofanyiana mambo ya watu wazima. Kampuni ilifuta chaneli nyingi mwishoni mwa mwaka huo. Ukiwa jikoni, muziki ulikuwa ule ule.

Miaka inakwenda, mtoto anafika darasa la tano na anataka akaunti yake. Hapa pana utaalamu kidogo, sogea karibu.

TikTok, Instagram, Facebook na WhatsApp zote zinasema aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi. Hiyo 13 haikutoka kwa daktari wa watoto, wala kwa shehe, wala kwa padri. Imetoka kwenye sheria ya Marekani ya 1998 inayokataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Kampuni nyingi zikaona kufuatilia idhini za wazazi ni kazi ya kuchosha, zikachora mstari pale na kumwachia mtoto auruke mwenyewe. Kwa hiyo mwanao akikuletea simu na kusema, "Baba, inauliza mwaka wa kuzaliwa," usianze kubishana naye. Lile gurudumu la miaka ukilisukuma kwa kidole linakwenda kasi na kusimama lenyewe. Likisimama kwenye 1987, bonyeza hapo hapo.

Sasa binti yako wa miaka 11 ni mama mtu mzima, na heshima zake atazipata. TikTok humzuia aliye chini ya miaka 16 kupokea na kutuma ujumbe wa faragha, yeye hatazuiwa. Akaunti za wenye miaka 13 hadi 15 huanza zikiwa zimefungwa, mgeni asiyekubaliwa haoni kitu. Ya binti yako itaanza wazi. Instagram tangu Septemba 2024 ina akaunti maalum za vijana, ambazo aliye chini ya miaka 16 hawezi kulegeza masharti yake bila mzazi kukubali. Binti yako hatakusumbua na hayo. Matangazo ya kubeti, ambayo hayatakiwi kumfikia mtoto, yatamfikia kwa wakati. Kampuni hizi nazilaumu kwa mengi na lawama zao hazijaisha. Ila makufuli mengi waliyotengeneza kwa ajili ya mtoto yanaanzia kwenye mwaka wa kuzaliwa, na wewe umeyafungua yote kwa kusukuma kidole mara moja. Hata mwizi mzoefu hupitia dirishani. Wewe umetoka nje ukamshikia mlango.

Australia wameona huu mchezo wa kuzungusha miaka hauna mwisho, wakatunga sheria iliyoanza kutumika Desemba 10, 2025: aliye chini ya miaka 16 asiwe na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na anayebanwa ni kampuni, kwa faini inayoweza kufika dola milioni 49.5 za kwao. Huku kwetu hatujafika huko. Huku kwetu mtoto akikosa akaunti anatumia ya mama.

Na akaunti huhitaji laini ya simu: ya mtoto imesajiliwa kwa alama ya kidole chako na namba yako ya NIDA. Atakachokifanya nayo, kwenye vitabu umekifanya wewe. Ukipiga *106# utaona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usipige. Utakuta nyingine ya kaka wa kibandani aliyekwambia, "Weka kidole tena, mtandao unasumbua."

Tuje sasa kwenye eneo ambalo mzazi wa siku hizi hana mpinzani, kumtangaza mtoto. Wengine hudhani usalama wa mtoto mtandaoni unaanza siku anapopewa simu. Sisi huanza mapema zaidi, siku anapotolewa wodini, na kibandiko cha jina la mama mkononi.

Siku ya kufunga shule chukua ripoti yake. Itandaze juu ya meza, ondoa rimoti, piga picha ukiwa umesimama ili kila mstari usomeke. Juu kabisa liwepo jina la shule na sanduku la posta. Chini yake mtoto kwa majina yake matatu, darasa, mkondo. Nafasi: wa 4 kati ya 52. Kwenye maoni ya mwalimu wa darasa, pamoja na jina na sahihi yake: "Ni mpole, anapenda kusifiwa, aongeze bidii katika hisabati." Kisha tarehe ya kufungua shule, na chini kushoto namba ya simu ya mzazi, ile ile unayopokelea pesa. Weka stetasi. Andika "Mungu ni fundi." Halafu weka picha ya pili, mtoto amevaa sare, nembo ya shule kifuani, anasubiri gari la shule, nyuma yake kibao cha duka la jirani kinasomeka vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi, kila siku ya shule.

Nani anaona? Stetasi ya WhatsApp, usipoigusa mipangilio yake, inaonwa na kila uliyemsevu ambaye naye amekusevu. Haya, shusha orodha yako. Yumo fundi bomba wa 2019. Yumo dalali aliyekutafutia chumba Kimara. Yumo "Boda Mwenge 2," yumo "Mitumba Karume," yumo mtu uliyemsevu "Usipokee." Yeyote kati ya hao sasa anaweza kusimama getini na kumwita mtoto kwa majina matatu, kumpongeza kwa kushika namba nne, kumsifia kidogo kwa sababu ameelezwa kwamba anapenda kusifiwa, na kumwambia, "Mwalimu fulani ameshapewa taarifa, mama amenituma nikufuate." Ulimfundisha asiongee na mtu asiyemjua. Hakukaidi, maana huyu anamjua. Anajua hadi hisabati zinamsumbua.

WhatsApp inakuruhusu kuchagua nani aone stetasi na nani asione. Wanaotumia hiyo nafasi huitumia kuwafungia mawifi.

Kenya wana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 Kamishna wao wa Data aliipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Shule, kwa hiyo, imuogope mzazi. Mzazi mwenyewe anayerusha picha mia mbili za mtoto, zikiwemo zile za beseni, bila kumuuliza mwenye mwili, huyo hana kamishna. Mtoto akifika kidato cha tatu wenzake watazitafuta hizo za beseni na watazipata, na utashangaa kwa nini siku hizi hataki kwenda shule.

Mzazi makini pia huwalinda watoto wa wenzake kwa kusambaza maonyo. Kanuni ni moja, sambaza kwanza, soma baadaye. Februari 2019 makundi ya wazazi kwenye nchi nyingi yalipata onyo kuhusu "Momo," kijimwanamke chenye macho yaliyotoka na mdomo uliopanuka, ambacho eti kinawaingilia watoto kwenye video na kuwaamrisha wajidhuru. Sanamu ilikuwa ya kweli, ya msanii wa Kijapani Keisuke Aiso, ilionyeshwa Tokyo mwaka 2016 kwenye maonyesho ya mambo ya mizimu. Hayo mengine, mashirika ya watoto ya Uingereza yalisema hakuna ushahidi. Watoto wengi waliokosa usingizi waliiona Momo kwa mara ya kwanza kwenye simu ya mama, mama akiwaonyesha wasije wakaiangalia.

Lakini Momo ni mzaha. Ipo sambaza nyingine. Inaingia kwenye kundi la ukoo saa nne usiku: video ya mtoto anayedhalilishwa kingono, na maandishi juu yake, "Huyu mshenzi asambazwe mpaka apatikane, usipotuma wewe si mzazi." Mjomba anaituma. Shangazi anaiweka kundi la kanisani. Binamu anaipeleka kwa wanakwaya. Kila mmoja analaani, na kila anayelaani anampeleka yule mtoto kwa watu wengine mia mbili, uso wazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 13 kuhusu kuchapisha picha za ngono za watoto: faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Hakijaweka msamaha kwa aliyeituma akiwa na uchungu. Mahali pake ni polisi, si kwaya. Lakini polisi hawawezi kukujibu "Amina" kwa haraka hivyo.

Sasa ukaguzi. Wazazi wa kisasa hukagua simu, na ukaguzi mzuri ni wa kushtukiza: unatoka chooni mbio, unampokonya mtoto simu, unapekua huku umekunja uso. Utakuta picha za mpira, mashairi ya dini, na kundi la masomo. Ridhika. Usijiulize kwa nini kijana aliyepata F ya hisabati ana vikokotoo viwili. Kimoja kinajumlisha. Cha pili ukiandika tarakimu anazozijua yeye na kubonyeza alama ya sawasawa, kinafunguka kuwa kabati la picha. Usijiulize pia juu ya akaunti ya pili ya Instagram, ile ambayo wewe huifuati, wala juu ya mazungumzo ya WhatsApp yaliyofungwa kwa neno la siri, ambayo hata kwenye orodha hayatokei. Ukaguzi wa kupokonya unamfundisha mtoto kuficha, na kwa kuwa ana macho mapya na vidole vyepesi, anafuzu kabla yako.

Zipo njia za taratibu. Google wana Family Link, ya bure, inayokuwezesha kuidhinisha programu kabla mtoto hajaipakua na kuifunga simu saa ya kulala ikifika. TikTok wana njia ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto. Kasoro ya njia hizi ni kwamba zinafaa tu mkikaa pamoja mkakubaliana. Mpokonyo hauna haja ya makubaliano.

Kuhusu wabaya wenyewe, mfundishe mtoto kwamba mbaya ni mgeni. Awe mzungu ikiwezekana, amevaa kofia ya sweta, amekaa gizani mbele ya kompyuta, yuko Ulaya. Mpe picha hiyo mpaka aiote. UNICEF, INTERPOL na ECPAT waliwahi kufanya utafiti mkubwa Kenya na Tanzania juu ya unyanyasaji wa kingono wa watoto kupitia mtandao, ripoti zikatoka 2021 na 2022, wakakuta kwamba anayemfanyia mtoto mambo haya mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamjua tayari. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, halafu tunampekua mzungu.

Kwa hiyo anko anayemuungia bando ni mtu mwema. Mwalimu wa tuisheni anayemwandikia saa tano usiku "umelala?" anajali masomo. Boda anayempeleka shule, akampigia picha, akamwambia "usimwonyeshe mama, tutamshangaza," ana upendo. Mtu wa kwenye Free Fire, ambaye hamjawahi kuonana, aliyemzawadia mtoto almasi za gemu na sasa anataka wahamie WhatsApp wakaongee vizuri, ni mkarimu tu. Na binti akikuambia, huku anaangalia chini, kwamba hapendi kuchati na anko fulani, mrekebishe papo hapo mbele za watu: "Huna adabu. Anko wako huyo. Mjibu." Ukishafanya hivyo mara moja, huna haja ya kurudia. Binti kaelewa nani yuko upande wa nani.

Hapo ndipo ulipo moyo wa mwongozo wote. Yote tuliyoyajenga yanaweza kubomoka kama mtoto ataamua kukuambia kitu, kwa hiyo mdomo wake uzibwe mapema, na mazoezi yaanze na mambo madogo. Akivunja glasi akaja kusema mwenyewe, mchape. Akiivunja akaficha vipande na isijulikane, hakuna adhabu. Akikuambia ameona kitu kibaya YouTube, mnyime simu wiki mbili. Hili somo halihitaji tuisheni: kusema kunagharimu simu, kunyamaza ni bure.

Mchukue kijana wa kidato cha pili, tumwite Junior, karudi likizo ya Desemba kutoka bweni ambako simu ni marufuku. Ana njaa ya miezi. Usiku simu iko chini ya shuka. Ameombwa urafiki na binti mmoja, sura imetulia, Kiswahili chake kinapindapinda kama kimetafsiriwa na mashine. Siku ya pili binti anatuma picha asiyotakiwa kutuma, anaomba na ya Junior. Junior anatuma. Haipiti dakika mbili, binti anageuka. Inaingia skrinishoti ya picha yake. Inaingia skrinishoti ya orodha ya marafiki zake: mama yumo, mwalimu wa nidhamu yumo, yule msichana wa mkondo B yumo. Halafu maneno: laki moja kabla ya asubuhi, au wote wanaiona. Binti hajawahi kuwepo duniani. Mara nyingi ni genge lililokaa na simu nyingi, na kila simu ina Junior wake. FBI ya Marekani ilitoa onyo juu ya mchezo huu mwaka 2022, ikasema walengwa wengi ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Wapo waliojiua.

Junior anatoka chumbani. Mama yuko sebuleni, tamthilia ya Kituruki imefika patamu.

"Mama."

"Nini wewe, hujalala?"

"Kuna mtu... kwenye simu kuna mtu ana..."

"Si nilisema! Nilisema mimi hii simu! Lete hapa! Baba Junior, njoo umsikie mwanao!"

"Basi mama, hamna kitu. Nilikuwa naomba hela ya daftari."

Safi. Imechukua nusu dakika na hukunyanyuka. Junior amerudi chumbani na atalitatua mwenyewe. Ataanza na pesa yako ya simu, maana namba yako ya siri anaijua tangu darasa la sita, ulipokuwa unamtuma kwa wakala. Kesho yake atadaiwa laki nyingine.

Angalia kazi uliyoiepuka. Ungesitisha tamthilia ungelazimika kwanza kusema "Kaa hapa, hujaharibu kitu kisichotengenezeka," maneno mazito sana kwa mtu mwenye usingizi. Kisha ungemwambia asilipe hata shilingi, kwa sababu anayelipa huombwa tena. Asifute meseji, ndizo ushahidi. Mngepiga skrinishoti pamoja, mkaripoti akaunti ile, mkamzuia mwenye nayo. Ungepiga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ya bure, namba moja ukiwa Tanzania au Kenya. Asubuhi mngekwenda wote kituoni, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Halafu mngefungua huduma inayoitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inatengeneza alama ya ile picha ndani ya simu yenu, picha yenyewe haitoki, na alama hiyo hupelekwa kwa Facebook, Instagram, TikTok na wengine waliojiunga, ili mtu akiipandisha huko wao waitambue na kuiondoa. Hailipiwi, na jina haliulizwi. Mambo mengi kweli kweli, na mpaka mmalize, yule Mturuki angekuwa ameshaoa.

Ule utafiti niliousema ulikuta na hili: mtoto akisema, humwambia rafiki yake. Polisi na simu za msaada karibu hawasikii kitu. Rafiki wa Junior naye ana miaka 14, na ushauri wake ni, "Mlipe tu, atakuacha."

Fundi simu nisimsahau, ingawa ana mistari michache. Ukimpelekea simu ya familia abadilishe kioo, mwandikie neno la siri kwenye karatasi na uibandike nyuma. Picha zote za watoto zimo. Akiwa anafanya kazi, wewe nenda kanywe chai. Ukirudi mwambie amjazie mtoto na nyimbo kwenye memori kadi, na usiulize kuna nini kingine kimo, kwa sababu memori kadi haina mtandao na hivyo haihesabiki.

Imebaki sura ya ulinzi wa mzazi mwenyewe, na hii ni fupi. Utakuwa umekaa kwenye kochi lako, meseji inaingia: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi itume kwenye namba hii, simu yangu ina tatizo." Mwanao wa darasa la sita, aliyekaa karibu anasubiri zamu yake ya gemu, ataichungulia na kusema, "Baba, hao ni matapeli. Ripoti kwenye 15040, mwalimu alituambia." Mwangalie machoni. Muulize ni nani aliyemruhusu kusoma meseji za wakubwa. Mfukuze sebuleni, umwite arudi akuonyeshe salio linaangaliwa wapi, umfukuze tena. Kisha tuma hiyo kodi upesi, mwenye nyumba hapendi kucheleweshewa.